Gia ya Pili, Huruma Hadi Dandora

Nani amekuambia giaboksi ilikuwa imekufa? Ulikuwa chini ya gari, wewe? Ulishika kitu gani na mkono wako? Basi nyamaza kidogo, kaa hapo kwa hilo jiwe, nikuambie hiyo safari yote vile ilienda. Ukishamaliza kusikia ndio uongee.

Sababu ya kutoka ilikuwa rafiki yangu Okumu, beshte wangu wa siku nyingi. Unamjua, yule fundi mpole wa kiwanja cha nyuma ya kanisa, hana gereji, ako tu na sanduku la spana na kiti cha gari kilichong'olewa, hapo ndio anakaa. Alhamisi alibadilishia Mzee Wekesa oili ya giaboksi. Jumamosi asubuhi gari ikakataa gia. Hiyo gari ni ya zamani, gia zake ziko hapo kwa usukani, na siku hiyo mkono wa gia ulikuwa unazunguka bure kama mwiko kwa uji. Sasa Mzee Wekesa alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na hicho kiwanja ni yeye anakisimamia kwa niaba ya kanisa. Akisema toka, unatoka. Akasema mbele ya watu wote, "Okumu, umeniulia giaboksi. Hii gari isipopona leo, jioni ubebe sanduku lako uende."

Okumu alipangusa mikono na kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. Mimi ndio nikapasuka.

"Mzee, giaboksi ikifa inalia! Umeisikia ikilia?"

"Na wewe Kevin, ufundi ulisomea wapi?"

"Chini ya magari!"

Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, nilikuona. Ukasema ati Okumu ameua gari ya tatu sasa. Mimi nikaapa pale pale kwamba beshte yangu hajaua kitu, ni gia tu zimelegea huko njiani kati ya usukani na giaboksi. Mzee akasema anaenda Kariobangi kutafuta giaboksi ingine, na Okumu asiguse gari yake tena. Nikamwambia, sawa, Okumu abaki. Mimi naendesha, wewe mzee kaa kando yangu ujionee.

Saa mbili na nusu tukatoka Huruma. Nilitafuta gia huku na huku mpaka nikapata moja, ya pili. Ya kwanza hakuna, ya tatu hakuna, ya kurudi nyuma usiulize. Unajua kuendesha gari na gia ya pili peke yake? Kuondoka unaachilia klachi nusu nusu, gari inatetemeka kama mbuzi amenyeshewa, halafu inakubali. Ikishakubali usisimame! Mzee alikuwa ametoa kichwa dirishani, "Tupisheni! Tupisheni jamani!" huku mkono mwingine ameshikilia kofia. Kwa barabara ya Outering tukapitwa na kijana anasukuma mkokoteni wa viazi. Akageuka akatuangalia.

"Mzee, mnasindikiza maiti ya nani?"

Mzee akanuna. Mimi nilikuwa nacheka mpaka klachi inaniponyoka, kwa sababu nilikuwa nasikiliza giaboksi njia yote na haikulia hata mara moja. Ilikuwa inaimba! Nikajua nimeshinda.

Saa nne, Kariobangi. Tukaingia kwa Maina, fundi wa mashini ya leithi, yule anachonga vyuma mpaka vinang'aa. Ako na shimo la kusimamisha gari juu. Nikaomba tochi nikaingia shimoni, Maina akaingia na mimi. Mzee akabaki juu, tunaona viatu vyake tu.

Sikiza sasa, hapa ndio penyewe. Kutoka kwa usukani kuna vyuma virefu vinashuka kwenda giaboksi. Ukivuta gia, hivyo vyuma ndio vinaipelekea giaboksi habari. Mahali vinaunganika kuna tundu, na ndani ya tundu kuna bushi, kipete cha plastiki ngumu, kidogo tu kama kifuniko cha soda. Bushi ikiisha, chuma kinacheza ndani ya tundu, na habari haifiki. Bushi moja ilikuwa imeliwa ikabaki kama ukucha. Nikapiga kelele, "Mzee! Si giaboksi! Ni bushi! Nilisema!" Bushi ya pili, ile ya juu karibu na bomba la moshi, haikuwepo kabisa. Mahali pake palikuwa na blada.

Blada si unajua, ule ukanda wa mpira tunakata kwa tyubu ya zamani kufungia kila kitu. Ilikuwa imeyeyuka na joto na oili, inavutika kama ubani wa kutafuna. Maina akaishika na vidole viwili. "Nani alifunga hii takataka?"

Nikamulika karibu. Kwa hiyo blada kulikuwa na kiraka cha baiskeli, kimebandikwa upande, na pembe moja imekatwa na meno. Tyubu ilikuwa yangu. Kiraka ni mimi nilibandika, na meno ni haya hapa.

Nikakumbuka kila kitu mara moja. Wiki tatu nyuma, wanakwaya wa kanisa la Mzee walikuwa wameazima hiyo gari, gia zikawasumbua barabarani, nikapita na baiskeli. Nikajitia fundi. Nikaingia chini, nikafunga blada dakika tano, wakaniimbia asante, nikaenda zangu. Mzee hakuambiwa. Na mimi nikasahau, kwa sababu mimi kila kitu nafunga na blada.

"Nani, Kevo?" Maina akauliza tena.

"Sijui."

Juu Mzee akasema, "Ni huyo Okumu!"

"Si Okumu, mzee!"

"Basi nani?"

"Sijui, mzee."

Nikazima tochi nikapanda juu.

Tukazunguka maduka ya vipuri. Kila mtu anasema bushi peke yake haiuzwi, chukua usukani mzima na vyuma vyake. Maina akasema upuuzi huo tuache, tumletee nailoni ngumu atachonga bushi mbili zitakazoishi kuliko gari yenyewe. Nailoni iko wapi? Dandora, kwa Mama Njeri anayechambua plastiki. Ili gari ifike Dandora ikabidi nirudi shimoni nifunge blada ingine kwa muda. Nikafunga. Maina alikuwa amechuchumaa ananiangalia.

"Kevo."

"Ee?"

"Hilo fundo lako na la yule mjinga ni moja."

Nikatoka shimoni bila kumwangalia.

Saa sita, Dandora. Kama hujawahi kufika pale karibu na jaa la takataka na mtu anajua kazi yake, hujaona maajabu. Mama Njeri amekaa kwa ndoo iliyopinduliwa, plastiki mlima huku, plastiki mlima kule, na hakosei. Anagonga kipande na kisu, anasikiliza. Akikosa uhakika anakiwashia kiberiti ananusa. Mimi najiita fundi na sikuwa najua hiyo!

"Hii ya beseni. Nusa."

"Mshumaa," nikasema.

"Ee. Hiyo ni laini, itakufa kesho." Akachimba ndani ya gunia, akatoa gurudumu dogo jeupe la mashini ya kiwanda, zito kama jiwe. Akakwangua, akawasha. "Na hii? Mzee, nusa wewe."

Mzee akainama, kofia mkononi. "Hii inanuka kama kinyozi ameshika moto!"

"Nywele zilizoungua. Ndio nailoni hiyo. Hata msumeno inauchokesha."

Nilitaka kumkumbatia yule mama. Nikamuuliza anataka nini.

"Magunia yangu matatu yafike kwa mnunuzi, Kariobangi. Leo mgongo umekataa."

Mzee akaruka. "Kwa viti vyangu? Hivyo viti Jumapili vinakaliwa na pasta!"

"Kwani viti vinaenda mbinguni, baba?"

Wachuuzi wa pale jaani wakaangua kicheko. Mzee akasimama, akaangalia viti, akaangalia nailoni, akafungua mlango wa nyuma yeye mwenyewe. Gia ya kurudi nyuma hatukuwa nayo, kwa hivyo vijana wa jaani wakatusukuma tukageuza, Mama Njeri ameshakaa nyuma katikati ya magunia kama bibi harusi. Darajani, kwa kilima, gari ikaanza kuzimika. Mimi napiga usukani, "Panda! Panda wewe!" Mzee na yeye anasukuma dashibodi na mikono miwili ndani ya gari, kama inasaidia. Ikapanda!

Saa nane tulikuwa kwa Maina tena, na Mama Njeri tumeshamfikisha. Maina akafunga nailoni kwa leithi, vumbi jeupe likatoka kama unga, akapima, akachonga, akapima. Bushi mbili, safi kama meno ya mtoto. Lakini zilikuwa zimebana haziingii. Akaenda kwa mama wa chai jirani, akazitumbukiza ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, akahesabu polepole, akazitoa na kijiko. Zikiwa moto zinalegea kidogo. Haraka tukaweka kwa tundu, vaisi, ile koleo ya kukaza, ikabana, tap! Ikakaa. Ya pili, tap! Grisi, washa zile pete za chuma, pini mpya, blada yangu nikaitupa mbali sana.

Nikaingia kwa gari. Gia ya kwanza, kak. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya kurudi nyuma! Nilitoka nje nikaruka ruka pale barabarani. Mzee akasema lete, nijaribu. Akajaribu, akajaribu tena, akacheka meno yote nje, akamshika Maina mkono mara tatu. Tukaingia njiani, yeye ndiye anaendesha, kaseti ya kwaya juu kabisa.

Halafu akapunguza sauti ya kaseti.

"Kevin, umefanya kazi. Lakini yule Okumu ataenda tu. Mtu anakufungia blada chini ya gari, ananyamaza. Huyo ni wa kuua watu."

Unaelewa? Gari imepona na Okumu amezidi kuumia. Nilikaa pale nimeangalia barabara, na gari inabadilisha gia vizuri, kak, kak, na kila ikibadilisha inanichoma.

Saa kumi na moja tukafika Huruma. Watu wamejaa kiwanjani, na Okumu ameshapanga sanduku, amelikalia. Mzee akazima gari. Kabla afungue mdomo nikashuka nikaanza kufoka, unanijua, nikawafokea wanakwaya, nikawafokea nyinyi mliocheka asubuhi, maneno mengi sana, mpaka nikaishiwa na wa kufokea. Ndio nikasema.

"Ile blada ni yangu. Ni mimi nilifunga. Okumu hajui kitu."

Mzee akaniangalia mpaka nikaangalia chini. "Mbona hukusema Kariobangi?"

"Niliogopa, mzee."

Mzee akaenda mpaka mbele ya Okumu, akavua kofia. "Okumu, asubuhi nimekukosea mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu."

"Imeisha, mzee," Okumu akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Ulijua saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na sasa ni saa kumi na moja."

Basi. Akafungua sanduku, akatoa spana, akaingia chini ya gari ingine. Nikamfuata huko chini nikamwomba msamaha nikiwa nimelala kwa oili, na alichukua muda kabla anipitishie tochi.

Nimejifunza kunusa plastiki, nimejifunza bushi inachemshwa kama yai. Na nimejifunza kwamba mimi, nisiyeogopa mtu mtaa huu mzima, naweza kumwacha rafiki yangu juu ya sanduku lake masaa saba kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Hiyo nimeshamwambia Okumu uso kwa uso. Mzee naye amesema yake. Lakini wewe uliyesema ameua gari ya tatu, unapita hapo kiwanjani kila siku unamsalimia niaje, niaje, kama hakuna kitu.

Wewe unangoja nini?