Salamu Ndefu za Marehemu

Sogeeni karibu, na anayetafuna muwa atulie kwanza. Juzi hapa Kiseke tulimaliza matanga ya jirani yangu, ukoo ukakaa kutazama wosia aliojirekodi kwenye simu. Bintiye ni kiziwi, kwa hiyo kaka yake alikuwa amemwandikia maneno chini ya picha.

Marehemu mzee akaongea humo simuni mpaka chai ikapoa. Chini pakaandikwa: "Baba anawasalimu."

Binti akaandika kitu kwenye simu yake, akampa shangazi asome: "Kaka, salamu gani ndefu hivi?"

"Nimefupisha, shangazi," kaka akasema.

"Refusha, baba. Tunasubiri," shangazi akamwambia.

Akarefusha, sote tukimwangalia vidole. Kumbe alipofupisha, nyumba nzima ilibaki nje.

Dada amerithi nyumba, kaka ng'ombe. Salamu tumegawana sisi majirani.