Bonde Nililoliacha Nje ya Karatasi

Niliandika mpaka wa shamba nikiwa nimekaa kwenye kiti, hatua kama hamsini kutoka kwenye huo mpaka wenyewe. Huo ndio upumbavu wangu. Nausema mapema nisije nikapata nafasi ya kuupamba.

Baba alituachia shamba Kibuta, mimi na dada yangu. Dada anaishi hukohuko. Mimi niko Mkuza, mtu wa sebuleni. Safari yangu ndefu ni kwenda Maili Moja kununua betri za rimoti. Lakini nina cheti cha kidato cha nne, basi siku ya kugawana, kalamu nikapewa mimi. Ilikuwa masika, kijito cha mpakani kimefurika, njia ya kushukia ni tope tupu, na mimi nimevaa viatu vipya.

"Andika ukingo," dada alisema, "halafu andika na bonde. Ukingo ni huku juu. Bonde ni kule chini, maji yakiondoka ndipo ninapopanda mboga."

"Dada, hayo yote ni mtoni tu," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyefaulu Jiografia. Nikaandika kwamba fungu lake linaishia pale maji yalipofika siku ile. Jirani wa ng'ambo, mzee mmoja mkimya, akatia dole gumba kama shahidi, kisha yeye na dada wakapanda minyaa ya mpaka palepale.

Kiangazi maji yakateremka. Bonde likabaki jeusi, laini, na jirani akavuka akalilima. Dada alipomuuliza, akaambiwa akasome karatasi. Na huko juu alikobaki ni mchanga mtupu. Kiangazi hapaoti hata tembele.

Alinipigia simu. Hakugomba. "Mdogo wangu, njoo tu uone," alisema. Heri angenitukana.

Nikaenda, nikavua viatu, nikashuka. Bamia za jirani zilishafika magotini. Dada alisimama nyuma yangu na jembe lisilo na kazi. Nikamwamkia mzee shikamoo, nikaanza kueleza kwamba nia yangu ilikuwa, yaani, kwa maana ya mpaka... nikaishia hapo.

Akaitikia marahaba, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Bamia hizi nikishavuna, bonde namrudishia dada yako, kwa sababu yeye namheshimu. Wewe usituandikie tena kitu."