Gari ya sport ya tonton

Kila mara moteur ya pirogue, ile mutumbwi, inanuka moto pale beach ya mutoni, miye nacheka, juu nakumbuka gari ya sport ya tonton, mujomba wangu.

Tonton alikuwa fundi wa pirogue. Alipata moteur ya mupya, akataka papa mumoja commerçant, mufanya biashara, aione, amupe kazi ya moteur zake zote. Mutu wa akili angeifunga ku pirogue. Yeye hapana. Akachomea matôles, yaani mabati, akapaka rangi nyekundu, akatengeneza gari ya chini kama sahani, akaitia ile moteur. Kumbe moteur ya pirogue inapozwa na maji ya mutoni, na tonton hakuwaza ile. Donc batoto tulikaa nyuma na bandoo za kuchotea, tunaimwangia maji.

Katikati ya njia, moteur ikazima ndani ya moshi. Batu ya toleka, bale banabeba batu ku baskeli, bakaacha vélo zao, bo na fundi wao, bakatusukuma mpaka kwa commerçant, tonton anapunga mukono kama gouverneur.

"Gari yako inakunywa maji?" papa akauliza.

"Papa, ni technologie."

"Bon, moteur nanunua, nitaifunga ku pirogue. Hii sahani, fugia kuku."

Kazi ya moteur zake zingine akapewa ule fundi wa vélo aliyetusukuma.

Moteur ingali inavusha batu mutoni mpaka ngambo ya Lubunga. Gari iko nyuma ya nyumba. Kuku zilikataa kuingia.