Dada Yangu Alipokwenda Kurudisha Ubatizo

Jumapili ile dada yangu aliingia kanisani na ndoo ya maji kichwani, akaitua mbele ya madhabahu, akamwambia mchungaji:

"Nimekuleteeni ubatizo wenu. Nifuteni."

Jamani, mimi ni mstaafu, kazi iliyobaki ni kutia chumvi kwenye hadithi. Wajukuu zangu wanalijua hilo. Hii sijatia hata punje.

Kwaya ilikata wimbo katikati kama redio iliyoishiwa betri.

Mchungaji, kijana mwenye heshima zake, akasogea. "Mama, ubatizo haufutwi."

"Mlinitia maji, nimewarudishia maji. Tumemalizana."

Ngojeni nirudi nyuma kidogo.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi bomba. Haamini. Si mtu mbaya, haamini tu. Ukimpa habari za Mungu, anakuuliza kama koki ya jikoni imeacha kuvuja.

Kisima cha ubatizo cha kanisa letu alikijenga yeye. Kila siku ya ubatizo alidamka kwenda kukijaza. Ibada ikianza anatoka zake, anakaa nje kwenye ngazi, anamsubiri mkewe.

Kitu kimoja kiliwagombanisha. Kila siku ya ubatizo alirudi nyumbani ananuka moshi.

"Tangu lini maji yakatoa moshi?" dada anafoka. "Sema tu kuna mwanamke anakupikia chai huko!"

Shemeji anacheka. "Mabomba ya zamani yana mambo, mke wangu."

Kisha kifua kikambana, wiki mbili tu, tukamzika.

Makaburini mchungaji alisema: "Mlango ulikuwa wazi. Ndugu yetu akachagua kukaa nje."

Hakutaja moto. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Tuliporudi, dada alinivuta jikoni. Jicho kavu.

"Kaka, mimi nikifa nitakwenda mbinguni?"

"Wewe? Bila hata kupanga foleni."

"Na yeye?"

Nikajifanya natafuta sukari.

"Basi sitaki," akasema. "Huko nitakaa na nani?"



Ndiyo ikaja Jumapili ya ndoo. Kwa bahati, ilikuwa siku ya ubatizo, wa kwanza tangu tumzike shemeji. Wazee wa kanisa wakamkalisha dada benchi la mbele na ndoo yake, mchungaji akatangulia kisimani, ambacho siku hiyo alikijaza mlinzi wa kanisa.

"Uwiii!"

Ndivyo alivyosema mtumishi wa Mungu. Akaruka nje meno yanagongana. Bibi wa kwanza kwenye foleni alichovya kidole, akatangaza kwamba atabaki na dhambi zake mpaka jua lichomoze vizuri.

Sasa mjue, kanisa letu lilikuwa na sifa. Aliyebatizwa kwetu, hata asubuhi ya baridi kali, alitoka majini akishuhudia joto. Tukasema ni moto wa Roho. Hata mimi nimeshuhudia. Mwanzoni joto lilinifika magotini, lakini kadiri nilivyosimulia likawa linapanda. Kufikia kustaafu lilikuwa masikioni.

Leo limekwenda wapi?

Dada alisimama. Akaingiza mkono majini, akautoa, akautazama.

"Kaka," akasema polepole. "Ule moshi."

Tukazunguka nyuma ya kanisa hadi kibanda cha vifaa. Mlinzi akasimama mlangoni. "Mama, marehemu aliniapisha." Alipomwangalia dada usoni, akafungua.

Ndani kulikuwa na pipa la chuma juu ya matofali, majivu chini yake, kuni zimepangwa vizuri, na bomba lililopenya ukuta hadi kisimani. Pembeni kigoda kimoja.

"Alianza siku uliyobatizwa wewe," mlinzi akasema. "Alisema una pumu, maji baridi yatakuua, na kukukataza hawezi. Baadaye nikamwambia, wako ameshabatizwa, na wewe huamini, sasa unahangaika nini? Akanijibu, 'Mungu wao simjui. Baridi naijua.'"

Dada alikaa kwenye kile kigoda. Kilio alichokinyima makaburi, akakitoa pale.

"Mwanamke niliyemwonea wivu," akasema, "kumbe ni mimi."

Mchungaji alikuwa mlangoni, suruali inachuruzika.

"Sema tena," dada akamwambia. "Mume wangu yuko wapi?"

Mchungaji akaingia. Akachuchumaa mbele yake.

"Sijui, mama. Siku ile nilikalia kiti kisicho changu. Unisamehe." Akalitazama lile pipa. "Ila wewe ulikuwa tayari kumfuata hata motoni. Aliyekuumba ukaweza kupenda hivyo, atakuwa anampenda kidogo kuliko unavyompenda wewe?"

 Dada hakufarijika, nisiwadanganye. Swali ni zuri, lakini halikumrudishia mtu.

Alinituma nikalete ndoo yake. Akaimimina yote ndani ya pipa, akaomba kiberiti.

"Wale watu wataganda," akasema.

Mpaka leo, siku za ubatizo ndiye anayedamka kuwasha. Akimaliza haingii ndani. Anakaa kwenye ngazi, pale pale alipokuwa akikaa mumewe, na mchungaji ameagiza mlango wa kanisa usifungwe wakati wa mahubiri.

Juzi nilikaa karibu naye, nikamtania. "Dada, unanuka moshi."

"Najua," akasema, akalivuta gauni puani. "Ndiyo maana silifui."

Wenzangu, nani ataokolewa na nani hataokolewa, mwenye kujua ni mmoja, na hajawahi kuniomba ushauri. Langu ni dogo: kabla hujampeleka mtu motoni, uliza kwanza ni nani aliyekupashia maji.