Pompe Ndogo ya Materinite

Siku munganga wetu wa kuzalisha aliponiambia kwamba nyonga yangu imekwisha, sikushangaa. Nilimuuliza tu kesho nani ataleta maji. Akanawa mikono kwa maji yaleyale niliyoleta asubuhi. Kazi yangu pale materinite, nyumba ya kuzalia ya kijiji chetu cha upande wa Ntoto, ni kufagia na kuchota. Kufagia si neno. Maji ndiyo yaliyonimaliza. Muto uko karibu, lakini wachimbaji wa huko juu wanaosha muchanga wao ndani yake, na maji yanatufikia mazito kama uji wa mutama. Kwa hiyo nashuka kwenye chemchemi ya bondeni, nafunga bido, lile dumu la plastiki, mugongoni, mukanda wake naupitisha kwenye paji la uso, napanda. Nimebeba hivyo tangu nikiwa binti kule Masisi, kabla sijaolewa huku porini. Mukanda umenichimbia mufereji juu ya nyusi, na mawifi wananitania kwamba hata nikifia mbali watanitambua kwa huo.

Materinite inakula maji kuliko watu wanavyofikiri. Mama akizaa, kitanda kinaoshwa, nguo zinafuliwa, mutoto anaogeshwa, sakafu inapigwa deki. Mimi peke yangu sikutosha, ndiyo maana kila mama wa kuzaa alikuja na mama mukwe wake na bido lake la maji. Asiyekuwa na bido, munganga anamutazama yeye, halafu ananitazama mimi.

Nyuma ya jengo kulikuwa na shimo la zamani, lililochimbwa na mashine mpaka chini kabisa, na juu yake pompe ya mukono iliyokufa siku nyingi. Basi tuliposikia kwamba tutaletewa pompe ya umeme, ile inayoteremshwa na kulala ndani ya maji, pamoja na mapano, vile vibao vya kushika jua na kutoa umeme, nililia. Nasema wazi, nililia. Niliwaza kwamba sasa huu mukanda nitautupa.

Fundi alitoka Bukavu, akapitia Hombo, akafika na tope mpaka magotini. Alisema: “Pompe haichaguliwe na roho. Tuulize kwanza shimo iko natoa nini.” Kuuliza kwenyewe kulikuwa hivi: avute maji kwa motere ya mafuta tuliyoazimwa, tangu asubuhi mpaka jioni bila kusimama, huku akipima yanashuka kiasi gani. Yakishuka sana, shimo ni dhaifu, linataka pompe ndogo, na hiyo itatosha materinite peke yake. Yasiposhuka, tunaweza kuweka kubwa, na kubwa ingepeleka maji mpaka kwenye nyumba zetu. Nilikuwa nimekwisha kuchagua pembe ya uwanja wangu ambapo robine, bomba langu la kufungua maji, ingesimama.

Siku hiyo motere ilinguruma tangu alfajiri, maji yakatoka mazuri, watu wakaja na mabeseni yao. Karibu na saa sita, kilio kikapanda nyuma ya migomba. Papa muzee, yule aliyetoa kipande cha shamba lake ili materinite ijengwe, alikuwa amefariki. Kwetu, maiti ikiwa bado iko nyumbani, hakuna kutwanga sombe ya majani ya muhogo, hakuna kupasua kuni, hakuna kitu chenye kelele. Prezida wa komite ya maji akamwambia fundi azime.

“Papa prezida,” fundi akasema, “tukizima sasa maji itapanda tena, na kazi yote ya leo imekufa.”

“Iko muntu amelala pale,” prezida akajibu. “Zima.”

Akazima. Hakuna aliyebishana, hata mimi. Tulikwenda kulia, na tulilia kweli, maana alikuwa muntu mwema. Baada ya maziko lori likaja kuchukua motere, ilikuwa imeahidiwa kijiji kingine.

Tukabaki na nusu ya jibu. Komite ilipokaa, mapapa wote walitaka kubwa. Walisema asubuhi ile maji hayakushuka, na macho yao wenyewe yaliona. Fundi akawaambia kwamba kipimo cha nusu siku hakitoshi, na kwamba kubwa ikiingia kwenye shimo dhaifu itakunywa maji yote, itazunguka kavu mpaka iungue, na hakuna atakayetuletea nyingine. Ndipo prezida akanigeukia: “Mama, wewe njo unajua mambo ya maji. Sema.” Nilikasirika. Miaka yote hiyo napita mbele yao na bido, hakuna aliyeniuliza hata habari ya mugongo, leo nimekuwa mujuzi. Nikasema nataka kubwa. Nyonga yangu ndiyo iliyosema.

Aliyetusimamisha ni mujane wa papa muzee. Alikuja na kitambaa chake cha kilio kichwani, akakaa mulangoni. “Mulisimamisha kazi sababu ya bwana yangu,” akasema. “Sasa mutaiharibu sababu yake? Motere imeenda, lakini mikono iko.” Akanyosha kidole kwenye ile pompe ya mukono.

Fundi alicheka, halafu akaacha kucheka. Alikata mupira wa ndani wa tairi ya piki, akaziba palipokuwa pameoza ndani ya pompe, akasema itashika siku moja tu. Kesho yake sisi wamama tulipeana zamu, mujane akiwa wa kwanza. Asubuhi tulisukuma kwa hasira, maji yakatoka kwa hasira vilevile. Alasiri, maji yaliposhuka chini ya bomba lake, pompe ikaanza kukohoa na kutoa upepo. Tukapunguza, maji yakarudi. Tukaongeza, ikakohoa tena. Wakati huo mupini ulikuwa mikononi mwangu, nikausikia ule upepo mpaka mabegani, na nilijua kwamba shimo letu ni dhaifu. Tuliendelea polepole mpaka jua likazama, na maji hayakukatika tena.

Fundi alipima maji mara ya mwisho, akanigeukia. Alikuwa ananingoja, na prezida naye. Nikasema: “Tuweke ndogo.”

“Na kwetu manyumbani?” dada mumoja akauliza nyuma yangu. Nikaokota bido langu. Alijua kama mimi.

Pompe ilipofika ilikuwa nyembamba kuliko mukono wangu. Niliichukia kidogo. Inajaza tanki polepole siku nzima, na mvua za huku zikifunika jua inakwenda polepole zaidi. Komite ikakata neno: robine ni ya materinite peke yake, hakuna bido la nyumbani kujazwa pale. Mulinzi wa robine ni mimi. Majirani wananiita muchoyo, na wengine ni ndugu wa bwana yangu. Waniite tu.

Mama wa kwanza kuzaa baada ya hapo alitoka mbali. Mama mukwe wake alikuwa na bido tupu mugongoni, akaniuliza njia ya chemchemi.

“Kaa, mama,” nikamwambia. “Maji iko ndani.”

Hakunielewa. Nikamufungulia robine. Alivua mukanda kwenye paji, akaenda kukaa kando ya kitanda, akamushika mukamwana wake mukono. Kwa miaka yote niliyofagia chumba kile, sikuwa nimeona mama mukwe amekaa hapo wakati wa uchungu. Siku zote walikuwa njiani na bido.

Mutoto alipolia, nilipiga deki, nikafunga robine, nikarudi nyumbani. Mutungi wangu ulikuwa mutupu. Nikachukua mukanda, nikashuka bondeni.