Maji, Moto au Mkono wa Mtu

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "ameungua tu", napandwa na hasira. Ameungua na nini, wapi, kiasi gani? Ugonjwa huo wa kuuliza niliupata kazini, katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali moja kwenye barabara ya kwenda Tunduma, miaka ile ambayo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya na bima ya afya ndiyo kwanza inaingia. Kazi yangu ilikuwa kuchukua faili la mgonjwa, kusoma daktari ameandika nini, kisha kutafuta namba ya ugonjwa huo kwenye kitabu kinene na kuiandika juu ya faili. Malaria ina namba yake, kuhara kuna namba yake. Ukishazoea unaifanya kazi huku unapiga soga.

Kuungua ndiko kulikonivuruga. Kabla ya kwenda semina nilidhani kuungua ni kuungua. Kule Mbeya mjini tukaambiwa hapana, uandike kwanza sehemu ya mwili, halafu kina cha jeraha, halafu ukubwa wake, na ukimaliza hapo utafute namba nyingine ya kilichomuunguza mgonjwa: maji ya moto, moto wenyewe, umeme, au mkono wa mtu. Nilirudi na kichwa kizito. Madaktari wetu walikuwa wanaandika "majeraha ya moto" basi, wanaenda kunywa chai. Ikabidi niwe natoka chumbani kwangu kwenda wodini kuuliza, jambo ambalo manesi hawakulipenda hata kidogo. Wakiniona na kalamu wanaulizana kama siku hizi nimehamia polisi.

Ilikuwa Juni, na baridi ya kwetu unaijua, mtu anapika amevaa koti. Akaletwa binti mmoja aliyeolewa Tunduma, hata mwaka haujaisha. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, na ubavu pia. Mume wake alikuwa kuli, anapakia mahindi kwenye malori ya kwenda Zambia. Mama yake mzazi alikuja kutoka Ihanda akiwa bado na nguo za shambani, maana ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa.

Mama huyo alinidaka kabla sijakifikia kitanda.

"Andika maji, mwanangu," akasema. "Maji ya ugali. Sufuria ilimwelemea."

Mimi si mtaalamu wa vidonda, lakini nilikuwa nimeshaona vingi. Maji ya moto hutiririka, yanaacha malengelenge na ngozi iliyolegea. Mkono ule ulikuwa mkavu, mahali pengine mweusi, na majivu yalikuwa bado kwenye kucha. Nikamgeukia binti mwenyewe.

"Wewe unasemaje, mdogo wangu?"

"Sikumbuki, dada."

"Hukumbuki ulivyoungua?"

"Nakumbuka nachochea kuni. Halafu nakumbuka niko kwenye gari."

Akaanza kulia, na mama yake akamfunika shuka mpaka kidevuni. Nikatoka nje nimechanganyikiwa. Mtu ataungua vipi namna ile asikumbuke?

Mume alikuwa amesimama ukutani, mikono ndani ya mifuko ya koti. Nikamsalimia na kumpa mkono, akaitika bila kuutoa wake. Hilo peke yake lilinitosha kumchukia. Nikamuuliza mkewe ameungua na nini.

"Mama anasemaje?" akauliza.

"Anasema maji."

"Basi andika maji."

Alijibu huku anachungulia mlango wa wodi, na kivuli cha mama mkwe wake kilipopita dirishani akajificha nyuma ya nguzo. Nikaona nimepata jibu. Binti anaogopa kusema, mama anaficha aibu, na huyu bwana hana hata uso wa kumtazama mkwewe. Nilirudi mezani, nikafungua kitabu, nikaweka kidole kwenye namba ya mtu aliyeunguzwa na mtu. Nikiandika ile, daktari atadai karatasi ya polisi, ile PF3, na kabla jua halijazama kuli yule atakuwa ndani. Sikatai kwamba wazo hilo lilinifurahisha.

Daktari aliyekuwa anamtibu binti alikuwa mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi naona moto," akasema. "Ameingiaje humo, hilo sijui. Usiandike kwanza."

Faili likalala mezani kwangu bila namba, na mimi nisivyopenda kitu kilale mezani.

Kesho yake mama akaja chumbani kwangu, akafunga mlango nyuma yake, akapiga goti kunisalimia mimi niliyekuwa sawa na mwanawe wa kwanza. Nikamwinua. Akaniambia binti yake ana kifafa tangu utotoni. Si kila mwezi, lakini kipo. Walimwoza kimya kimya, wakitumaini kitaisha.

"Sasa ameangukia jikoni," akasema. "Na kwetu unajua wanavyosema, mwanangu. Kifafa kikishaguswa na moto, hakiponi tena. Wakweze wakijua kuna kifafa, na moto umeshagusa, watamrudisha nyumbani kwangu na mabegi yake."

"Mume hajui?"

"Hajui. Na mimi nitamuuliza vipi? Mkwe wangu siongei naye, hata njia nampisha."

Nilijua mila hiyo, hata shangazi zangu waliishika. Ndipo nilipoona ugumu wa kile kitabu. Kikifuatwa, binti anatakiwa aandikwe moto, na chini yake kifafa. Akiandikwa kifafa, atapewa kadi ya kliniki ya kifafa, vidonge atapata kila mwezi, na kadi itakaa Tunduma ambako mashemeji zake wanajua kusoma. Ndoa imekwisha. Nikiandika maji, kadi haipo, na bila kadi dirisha la dawa halikupi hata kidonge kimoja. Atarudi kwa mumewe, atawasha moto wake jioni, na siku akianguka tena pengine ataangukia uso.

Nikamweleza mama hivyo hivyo. Alinisikiliza, akavuta kanga akajifuta macho.

"Andika maji," akasema.

Akaondoka. Na mimi nikabaki sijui hata kama ananiambia ukweli. Labda kifafa chenyewe ni hadithi ya kumwokoa yule bwana. Labda binti alipigwa, akasukumwa, na mama ameamua bora mtoto akae kwenye ndoa mbaya kuliko kurudi Ihanda. Nilikuwa na watu watatu na maelezo matatu, na kitabu kilichokuwa kinanidai moja tu.

Mchana ule mama alipokwenda bombani kufua, mume akaja dirishani kwangu. Alitaka kujua kama faili limeshaandikwa maji.

"Ukiongea na mimi toa mikono mfukoni," nikamwambia.

Akasita. Halafu akaitoa taratibu, uso umemkunjamana, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Viganja vyote viwili vilikuwa vimefungwa vipande vya kanga, na vipande vyenyewe vilikuwa vimegandia kwenye nyama. Harufu ikanifikia pale nilipokaa.

"Nilimvuta," akasema. "Nilimkuta amelala kwenye mafiga, anatetemeka, povu mdomoni. Mama yangu alikuwa sokoni, hakukuwa na mtu. Kuni zilikuwa zimemwangukia, nikazitoa kwa mkono."

"Kwa nini hukusema utibiwe?"

"Nikitibiwa si utaniandika, dada? Kwetu wanasema ukimshika mtu akiwa anaanguka, na wewe kinakuingia. Mama yangu akiona mikono hii atauliza nilimshika nani."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua mkeo ana kifafa."

"Nilimwona tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Nikanyamaza. Mama mkwe akijua kwamba najua, ataona aibu, atamchukua mwanawe."

Nilitamani kucheka na nilitamani kumzaba kofi. Wale watu wawili walikuwa wanamficha mtoto mmoja, kila mmoja anamficha mwenzake, na kwa sababu ya heshima hakuna aliyeweza kumwambia mwingine nusu neno. Na mimi jana tu nilikuwa tayari kumpeleka yule bwana polisi. Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Nikafunga dirisha, nikatoka nje, nikamshika kiwiko, nikampeleka kwa daktari.

Daktari alimsafisha mikono kwanza, na jamaa alikuwa anatazama dari tu. Kisha akaenda kumuuliza binti maswali yake polepole, akarudi akasema hakuna mjadala, ni kifafa, na dawa lazima aanze, tena ameze kila siku kwa miaka. Akachukua kadi ya kliniki ya kifafa, akauliza jina la mgonjwa.

Kuli akataja jina lake mwenyewe.

Daktari akadhani hajasikia vizuri, akarudia swali.

"Ni langu hilo," akasema yule bwana. "Dawa atameza yeye, lakini kadi iwe yangu. Nyumbani nitawaambia mimi ndiye ninayeanguka. Nilianguka motoni nikaungua mikono, na yeye akamwagikiwa na maji ya ugali kwa kushtuka, kabla hajanigusa."

Daktari akanitazama mimi, kana kwamba nina namba ya jambo lile kwenye kitabu changu. Sikuwa nayo. Nilijua ni uongo, nilijua bima na wizara watahesabu mgonjwa ambaye hayupo na kumkosa aliyepo, na kila nilichofundishwa semina kilikuwa kinanikataza. Lakini nilikuwa nawaza yule mama pale bombani.

"Unaelewa watakavyokufanya?" daktari akamuuliza. "Hawatakula na wewe sahani moja. Makuli wenzako watakukimbia."

"Naelewa."

"Na bado unataka?"

"Yeye wakijua watamrudisha kwao," akasema. "Mimi nipo kwetu, daktari. Watanirudisha wapi?"

Daktari akanisogezea kadi, na mimi nikaandika jina la yule bwana.