Zamu ya Kuchuliwa

Harufu ya karafuu ikichemka ndani ya mafuta ya nazi hunikasirisha hadi leo, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Mwaka niliokuwa darasa la tano, harufu hiyo ilijaa uani kwetu Mbagala kila jioni, mama alipoinjika kikopo chake kwenye jiko la mkaa, akakaa mkekani na kuita, "Zuhura, lete miguu." Aliyeitwa si mimi, ni Zuhura. Alikuwa binti wa mama mkubwa, ametoka Lindi kuja kusoma kwetu, na kabla muhula haujaisha alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya mbio. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alisema siku alipofika. Mimi mwenyeji sikupona. Mikono ya mama, iliyokomazwa na kukuna nazi, ilikuwa yangu tangu nizaliwe, na sasa nilikaa pembeni nikichambua mchele, nikiitazama ikipanda na kushuka kwenye vigimbi vya mtu mwingine. Nilimwonea wivu mpaka mate yakawa machungu.

Nikaamua nami nitakimbia. Sikutaka kushinda chochote. Nilitaka kuumwa miguu, nichuliwe. Kesho yake alfajiri, yeboyebo miguuni, nilitoka mbio tangu mlangoni hadi kisimani na kurudi bila kupumzika, mchanga ukinivuta chini. Zuhura alikuwa kibarazani akinyoosha viungo. "Mwanaidi, anza na kutembea," aliniambia. "Mie nilitembea wiki nzima kabla sijakimbia." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi. Siku ya tatu niliamka magoti yamekaza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi asubuhi ile hata kuokota ndala kulinishinda. Nilifurahi kweli. Nikachechemea hadi kwa mama, nikamweleza kwa sauti ya mgonjwa. Hakuinua hata macho. "Unakua, wewe," alisema. "Kaoshe vyombo."

Mtu mwenye akili angepumzika. Mimi nilizidisha. Jioni ya kuamkia mashindano, goti la kulia lilikuwa limevimba, na ile ngazi moja ya kibarazani niliipanda kwa mikono. Mama alipoliona alishtuka, akanivuta mkekani. Mafuta yalikuwa yamebaki chini kabisa ya kikopo, ya kumtosha mtu mmoja. Alimtazama Zuhura, akanitazama mimi, nami nikaogopa kwa sababu nilijua mwenye mbio kesho ni nani. Zuhura ndiye aliyesema, "Mchue yeye, mama mdogo. Mie miguu yangu mizima." Mikono ikanishika, ya moto, yangu, nikalia kuliko goti lilivyouma. Kesho yake Zuhura alikimbia bila kuchuliwa, akatoka wa kwanza. Nilimpigia makofi nimesimama kwa mguu mmoja, moyo ukiniwaka. Nilikuwa nimempokonya mafuta, nimempokonya mikono, na bado kashinda.

Mwezi huu nimeanza tena kukimbia, huku Kinyerezi ninakoishi, baada ya daktari kunisema kuhusu unene. Nina raba za bei mbaya na simu inayonielekeza dakika moja nikimbie, mbili nitembee. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini siku ya kwanza nilikimbia zote, na magoti yakanikumbuka. Jumapili nilipokwenda Mbagala kumwona mama, karafuu ilinipokea tangu getini. Mama, ambaye uzee umemkaa viungoni, alikuwa amenyoosha miguu mkekani, macho kafumba kwa raha, na Zuhura, anayeishi naye siku hizi, anamchua. Wivu uleule ukanipanda. Zamani nilililia kushikwa. Sasa niliona uchungu kwamba mimi humpelekea mama sukari na salamu, na mwenzangu humpa mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unachechemea?"

Nikamwambia nimeanza kukimbia, magoti yananiuma.

"Unakua, wewe," alisema bila kufumbua macho.

Zuhura akacheka, akajifuta mikono kwa kanga, akanisogezea kikopo. Nilidhani ananiita nichuliwe. "Mguu wa kushoto bado," akasema. Nikapiga magoti, yakalia yote mawili, nikaushika mguu wa mama kabla Zuhura hajabadili mawazo.